Toyota Passo kwenye barabara za Dodoma: ukigongwa humo, unabaki?

Nimeiendesha Passo yangu kwa miaka minne na miezi kadhaa, sehemu kubwa ya safari ikiwa kati ya nyumbani Ilazo na ofisini, Mji wa Serikali Mtumba, na katika muda huo wote swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi si la mafuta wala la spea. Watu hulitazama boneti lake fupi, hulilinganisha na Land Cruiser V8 nyeupe zinazotupita kila asubuhi kwenye barabara ya Dar es Salaam, kisha huuliza: ukigongwa humo, unabaki? Mume wangu aliuliza hivyo siku tuliyoinunua. Mama yangu, ambaye anaishi Kondoa, bado anauliza kila nikimpigia simu kumwarifu kwamba niko njiani. Tathmini hii nimeiandika kwa ajili ya swali hilo, na mambo mengine nitayagusa tu.

Nianze na hayo mengine ili tumalizane nayo. Gari langu ni la kizazi cha kwanza, kile kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 2004, lenye injini ya silinda tatu ya cc 996. Urefu wake ni chini kidogo ya mita 3.6, na uzito wake likiwa tupu unakaribia kilo 900. Mtengenezaji wake hasa ni Daihatsu, ambaye aliliuza gari hilohilo kwa jina la Boon, kwa hiyo muuza spea akikuambia kwamba kifaa cha Boon kinaingia, hakudanganyi. Mafuta linakunywa kwa adabu. Kiyoyozi kinatosha hata Oktoba, wakati Dodoma inapochemka. Buti halitoshi gunia la mchele na mabegi ya watoto kwa wakati mmoja, na kwenye mitaa isiyo na lami mvua ikishanyesha linamtaka dereva mwenye subira. Kwa mtumishi anayehitaji kufika kazini na kurudi, sijutii shilingi niliyolipa.

Sasa usalama. Wengi wetu tunapouliza kama kigari kidogo ni salama, huwa tumechanganya maswali mawili ambayo hayafanani. La kwanza ni kama gari limeundwa vizuri, yaani kama sehemu ya mbele inabonyea kwa utaratibu huku kabini ikibaki na umbo lake, na kama mkanda na mifuko ya hewa inamdaka mtu kwa wakati. La pili ni kuhusu uzito: unapogongana na gari jingine, lipi litamsukuma mwenzake? Swali la kwanza mhandisi anaweza kulijibu vizuri hata kwenye gari dogo sana. La pili halina mhandisi.

Kuhusu uundaji, yapo magari madogo yanayoziba mdomo wa mtu anayeamini kwamba bati jingi ndilo usalama. Toyota iQ, lililotoka mwaka 2008, lina urefu usiofika mita tatu, lakini lilipewa mifuko tisa ya hewa, ukiwamo unaofunguka kufunika kioo cha nyuma, na mwaka 2009 likapata nyota tano katika majaribio ya Euro NCAP, shirika la Ulaya linalogongesha magari ili kuyapima. Yaris ya mwaka 2005, ambayo sisi tunaifahamu zaidi kwa jina la Vitz, nayo ilipata nyota tano. Upande wa pili, pikapu ya Nissan NP300 Hardbody, gari refu, pana, lenye sura ya kazi, ilipopimwa mwaka 2018 katika mpango wa Global NCAP wa magari yanayouzwa Afrika, haikupata hata nyota moja kwa ulinzi wa watu wazima. Kabini yake haikustahimili. Katika mpango huohuo, mwaka mmoja kabla, Toyota Etios ndogo ilikuwa imepata nyota nne na Chery QQ3, ndogo pia, ikaondoka na sifuri. Kwa hiyo ndani ya udogo wenyewe kuna mbingu na ardhi, na ndani ya ukubwa vilevile.

Hata hivyo boneti fupi lina gharama yake, na gharama hiyo inaweza kukokotolewa na mwanafunzi wa sekondari. Gari linalogonga ukuta likiwa kwenye kilomita 60 kwa saa lazima lisimame ndani ya umbali ambao sehemu yake ya mbele inaweza kubonyea. Ikibonyea sentimita 70, abiria aliyefungwa mkanda anazuiwa kwa nguvu ya wastani inayofikia mara 20 ya uzito wake mwenyewe. Ikibonyea sentimita 50 tu, nguvu hiyo hupanda hadi mara 28. Sentimita 20, upana wa daftari, ndizo zinazotenganisha hali hizo mbili. Ndiyo maana waundaji wa magari mafupi huhangaika kuipeleka injini chini au pembeni, ili isile nafasi ya kubonyea, na ndiyo maana mkanda kwenye gari fupi una kazi kubwa zaidi kuliko kwenye gari refu.

Tuje kwenye uzito, ambao kwa Dodoma ndio kiini cha jambo, kwa kuwa tangu Serikali ilipohamia hapa barabara zetu zimekuwa mahali pa kukutana kwa magari mazito kabisa na mepesi kabisa. Tuchukue Passo yenye dereva na abiria mmoja, jumla tani moja, na V8 yenye watu na mizigo, jumla tani tatu. Kila moja inakwenda kilomita 60 kwa saa, nazo zikagongana uso kwa uso. Zikishashikana, zitaendelea pamoja kule ilikokuwa ikielekea V8, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Aliyemo ndani ya V8 ametoka 60 akafika 30, yaani amepunguziwa kilomita 30. Aliyemo ndani ya Passo ametolewa kwenye 60 za kwenda mbele akapelekwa kwenye 30 za kurudi nyuma, na hayo ni mabadiliko ya kilomita 90, katika muda wa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Gari moja limebeba mara tatu ya mshtuko wa mwenzake kwa sababu tu lina theluthi ya uzito wake. Hakuna chuma kigumu kinachobadilisha hesabu hiyo, kwa maana kabini ikibaki nzima bado mwili wa binadamu, pamoja na ubongo na moyo unaoning'inia ndani yake, umegeuzwa mwendo kwa kilomita 90.

Wamarekani walilionyesha jambo hili kwa vitendo mwaka 2009. Taasisi yao iitwayo IIHS, inayogharamiwa na kampuni za bima, ilichukua magari matatu madogo, Honda Fit, Smart Fortwo na Toyota Yaris, ikayagonganisha uso kwa uso na magari ya wastani ya watengenezaji walewale: Accord, Mercedes C-Class na Camry. Kila gari lilikuwa kwenye kilomita 64 kwa saa. Madogo yote matatu yalikuwa yamefaulu vizuri katika jaribio la kawaida la kugonga kizuizi. Dhidi ya makubwa yote matatu yalipewa daraja la chini kabisa. Smart, ambalo kabini yake inasifiwa kwa ugumu, lilirushwa hewani likazunguka mzunguko mmoja na robo. Tukumbuke kwamba yale makubwa hayakuwa V8. Camry hapa kwetu tunaiita saluni ya kawaida.

Hapo ndipo nyota zinapowachanganya wanunuzi. Gari linapogongeshwa kwenye kizuizi linapambana na uzito wake lenyewe. Jepesi linajigonga kwa wepesi wake, zito kwa uzito wake. Nyota nne za kigari na nyota nne za gari la tani mbili na nusu zimetolewa kwa mitihani yenye jina moja na maswali tofauti, na ni halali kuzilinganisha kati ya Passo na Vitz, si kati ya Passo na Prado. Dalali akikuambia kwamba kigari fulani kina nyota sawa na lile kubwa, anasema kweli, na bado hujafaidika na chochote.

Mtu akinisoma hadi hapa anaweza kuamua kwamba dawa ni kukopa anunue gari zito. Asifanye haraka. Anayetoka Dodoma kwenda Morogoro kupitia Kibaigwa na Gairo anajua kwamba adui mkubwa wa njia ile si V8 bali semi. Turudie hesabu ileile na lori la tani 40, kila gari likiwa kwenye kilomita 60. Passo inabadilishiwa mwendo kwa kilomita 117. V8 inabadilishiwa kwa kilomita 112. Mbele ya semi, wote wawili ni mende. V8 itakuwa na boneti refu zaidi na mifuko ya hewa mingi zaidi, sibishi, lakini ile faida ya uzito iliyomfanya mwenye gari kubwa ajione mfalme karibu imeyeyuka yote.

Ipo pia hatari moja ya kigari ambayo sijaona ikizungumzwa vya kutosha. Lori likiharibika usiku mwenyewe hutupa matawi barabarani, na wakati mwingine matawi hayo yanakuwa mita chache tu nyuma ya tela, bila taa wala kiakisi. Tela la lori liko juu. Boneti la Passo liko chini. Ukilivamia tela la namna hiyo, sehemu ya mbele iliyoundwa kubonyea haigusi kitu, kwa sababu inapita chini ya tela, na kinachogonga chuma ni kioo cha mbele na kichwa chako. Mfuko wa hewa unaweza hata kuchelewa kufunguka, kwa kuwa vihisio vyake vinasubiri mshtuko kwenye bampa. Ng'ombe naye, kwa njia yake, yuko vilevile: ukimgonga kwa gari la chini unaikata miguu na mwili wote unakuja juu ya boneti. Waliopita Bahi jioni, saa za mifugo kurudi, wananielewa. Tangu nilipoyafahamu haya sijaendesha kigari hiki nje ya mji baada ya jua kuzama, na sioni sababu ya kubadilika.

Jambo linalonisumbua kuliko yote, hata hivyo, halimo kwenye hesabu. Passo nyingi zilizopo Dodoma zilifika nchini zikiwa zimekwisha kutumika miaka kumi au zaidi, na ulinzi alioukusudia mtengenezaji si lazima uwe bado umo ndani ya gari. Langu nililinunua kwenye yadi moja jijini Dar es Salaam. Mwaka wa pili nilimpelekea fundi wa umeme hapa Dodoma kwa sababu ya taa za mbele, naye akaniuliza, "Dada, ukifungua swichi, ile taa ya mtu aliyebeba mpira tumboni huwa inawaka?" Nilimjibu kwa fahari kwamba haijawahi kuwaka hata siku moja. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Taa hiyo ya mifuko ya hewa inatakiwa iwake kila unapofungua swichi, ikae sekunde chache, halafu izime. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, kuna mtu amekuficha kitu.

Alipofungua dashibodi tukakuta waya wa taa umekatwa, na upande wa abiria mfuko wa hewa haupo: mahali pake palikuwa na kifuniko cha plastiki kilichogundishwa kwa ustadi hadi huwezi kuona. Gari liliwahi kugonga, mifuko ikafunguka, likapakwa rangi likauzwa. Mwanangu mkubwa alikuwa amekaa kiti kile mwaka mzima. Yadi walinijibu kwamba waliuza gari kama walivyolipokea, na mkataba niliousaini ulikuwa unasema hivyohivyo, kwa hiyo hasira yangu haikuwa na pa kwenda. Niliweka mfuko uliotoka kwenye Passo nyingine iliyokatwa kwa spea, jambo ambalo si zuri, kwa kuwa mfuko wa hewa hauna namna ya kujaribiwa bila kuutumia, ila lilikuwa bora kuliko plastiki. Tulikagua na mikanda pia. Mikanda ya mbele ina kifaa kinachoivuta ikaze gari linapogonga, na kifaa hicho hufanya kazi mara moja tu. Gari lililokwisha kugonga linaweza kuwa na mkanda unaoonekana mzima, unaofunga na kufunguka, ambao hautakuvuta tena.

Kwenye mifuko ya hewa kuna habari ya Takata, ambayo mwenye gari lolote la Kijapani la umri huu anapaswa kuijua. Kampuni hiyo ilitumia nitrati ya amonia kuijaza mifuko, na kemikali hiyo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu huharibika, kiasi kwamba siku ya ajali kasha la chuma linapasuka na kummwagia dereva vipande. Mamilioni ya magari yaliitwa yarudishwe, zikiwamo Vitz na Corolla, na kampuni ikafilisika mwaka 2017. Wito wa kurudisha magari huwa hauvuki bahari pamoja na gari, lakini namba ya chesisi inavuka, na unaweza kuiingiza kwenye tovuti ya Toyota ya Japani ukaona kama gari lako liliitwa. Nililipima langu kwa dakika tano nikiwa mezani.

Siwezi kuisifu Passo bila kumtaja mtengenezaji wake. Desemba 2023, kamati huru iliyoichunguza Daihatsu ilitangaza kwamba imekuta udanganyifu 174 katika majaribio, uliohusu aina 64 za magari, mengine yakiuzwa kwa jina la Toyota, na tukio la zamani kuliko yote likirudi nyuma hadi mwaka 1989. Baadhi ya mifuko ya hewa katika majaribio ilifunguliwa kwa kifaa cha kuhesabu muda badala ya kihisio cha gari lenyewe. Ni kama mwanafunzi kuandikiwa jibu na mwalimu. Kiwanda kilisimamisha kupeleka magari sokoni. Sisemi kwamba vigari vyetu ni majeneza, ila nembo ya Toyota kwenye usukani haikuwa dhamana kamili niliyodhani nimeinunua.

Basi gari hili nalipa alama gani? Ndani ya mji nalipa nzuri. Kati ya Ilazo na katikati ya jiji, Nyerere Square, sokoni Majengo, shuleni kwa watoto, magari yanakwenda 30 au 40 na ajali nyingi ni za kubusiana bampa kwenye mizunguko. Kwa mwendo huo, mtu aliyefunga mkanda katika Passo yenye mifuko mizima na breki za ABS, zile zinazozuia tairi zisijifunge, zinazofanya kazi ana ulinzi wa kutosha, na kwa bodaboda niliyemgusa kwa bahati mbaya wepesi wa gari langu ulikuwa neema. Mkanda tunafunga wote, wa nyuma pia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kwa walioketi mbele mkanda hupunguza uwezekano wa kufa kwa karibu nusu, na mtoto asiyefungwa nyuma humrukia aliye mbele kwa uzito ambao hakuna mama angeweza kuudaka.

Barabara ya Mtumba naipa alama ya wastani. Ni pana, lami yake ni safi, na ndiyo inayotushawishi. Kutoka 80 kwenda 100 mwendo umeongezeka kwa robo, lakini nguvu ya kugonga imeongezeka kwa zaidi ya nusu. Mimi nabaki kwenye 70 hata wakinipigia honi. Tairi zangu ni za inchi 13, nyembamba, na nilizibadilisha zote nilipogundua kwamba tarakimu nne za ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, zilikuwa zinasema 1813, yaani mpira wa mwaka 2013 uliokuwa ukikaushwa na jua la Dodoma huku kashata zake bado zikionekana nzuri. Semi ikikupita siku ya upepo, gari linasukumwa pembeni, na ni vizuri mikono yote miwili iwe kwenye usukani.

Safari ndefu nalinyima alama. Kondoa naenda nalo, mchana, bila haraka, kwa kuwa malori upande ule ni machache. Njia ya Gairo hapana. Kwenda Dar es Salaam, tangu treni ya umeme ilipoanza mwaka 2024, nakata tiketi, na Passo inabaki nyumbani chini ya mwarobaini, vioo vikiwa vimefunguliwa kidogo ili joto litoke.